Nyasi bandia juu ya udongo wa mfinyanzi: dalili, vyanzo na marekebisho

Malalamiko kuhusu nyasi bandia kwenye maeneo ya joto yenye udongo wa mfinyanzi hujirudia: maji hayaondoki, uwanja umefanya mawimbi, mishono imeachia, kuna harufu, mchana hapakanyagiki. Na karibu kila mwenye shida huanza kushughulika na kile anachokiona, yaani zulia la nyasi zenyewe. Ananunua gundi, anaongeza mchanga, anapigilia misumari zaidi. Msimu ukibadilika, kasoro inarudi palepale.

Mara nyingi chanzo kiko chini. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, chini ya milimita 0.002. Hunywa maji polepole na kuyaachia kwa shida, huvimba ukilowa, husinyaa na kupasuka ukikauka. Zulia lako limelala juu ya ardhi inayopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na usipojua hilo utakuwa unatibu kivuli.

Kama huna hakika udongo wako ni wa aina gani, chukua konzi moja yenye unyevu kidogo, uusokote kati ya viganja mpaka upate kamba nyembamba kama penseli, kisha uipinde iwe pete. Ikikubali kupinda bila kukatika, ni mfinyanzi.

Kabla ya kugusa chochote, andika kasoro inajitokeza lini. Inayokuja na mvua na kutoweka kiangazi inahusu maji au uvimbe wa udongo. Inayokuja kiangazi kikikolea inahusu kusinyaa au joto. Isiyojali msimu ni ya zulia lenyewe au ya namna lilivyofungwa. Kumbukumbu hiyo ya mistari mitatu itakuokoa kazi nyingi.

## Maji yanatuama baada ya mvua

Dimbwi linalokauka ndani ya saa moja baada ya mvua kubwa kukatika si ugonjwa, liache. Linalobaki hadi kesho yake linahitaji kushughulikiwa.

Sababu kubwa kuliko zote kwenye mfinyanzi naiita karai. Fundi huchimba shimo la kina cha sentimita 10 au 15, anamwaga kokoto, anashindilia vizuri, analaza zulia. Kwa macho kazi ni safi. Lakini shimo lile limechimbwa kwenye udongo usiopitisha maji, na halina mlango wa kutokea. Mvua inapita kwenye zulia, inapita kwenye kokoto, inafika sakafu ya mfinyanzi na kukaa. Karai likijaa, maji yanarudi juu.

Inayofuata kwa wingi ni maji ya ziada: bomba la paa linalomwaga kwenye nyasi, sakafu ya zege iliyoinama kuelekea uwanjani, matone ya kiyoyozi yanayodondoka sehemu moja kutwa. Kisha uso ulioziba kwa vumbi, majani yaliyooza na nywele za wanyama. Mwisho ni kokoto zilizochanganyika na tope kwa sababu hapakuwekwa kitambaa cha kutenganisha kokoto na udongo.

Hivyo ndivyo vyanzo kwa wingi wake, lakini katika kukagua anza na kilicho rahisi:

1. Simama nje mvua ikinyesha uone maji yanatoka wapi. Ukiona bomba la paa linamwaga pale, lielekeze kwingine kwanza, kisha subiri mvua mbili tatu kabla ya kufanya jambo jingine.
2. Piga brashi sehemu iliyotuama, ukienda kinyume cha mlalo wa nyuzi, kisha mwaga ndoo ya lita 10. Maji yakizama haraka, tatizo lilikuwa uchafu.
3. Yasipozama, funua kona iliyo karibu na dimbwi na umwage ndoo nyingine moja kwa moja juu ya kokoto. Zikiyameza, zulia ndilo limeziba: geuza mgongo wake uangalie tundu za kupitishia maji. Mara nyingi utakuta gundi au tope lililokauka, na msumari mwembamba unatosha kuzizibua kutoka upande wa mgongo.
4. Kokoto zikikataa maji, chimbua kidogo kwa mwiko. Hapa macho na pua vinatosha. Kokoto safi hutoka moja moja, zikigongana. Zilizoingiwa na tope hutoka kama bonge, rangi ya kijivu, zinanata kwenye mwiko na zinanuka kama mtungi uliosahaulika na maji ndani.
5. Mwisho pima udongo wenyewe. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 pembeni, lijaze maji, yaache yapotee, lijaze tena, kisha pima kwa rula kila saa. Maji yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa, usitegemee ardhi ikunywee mvua. Lazima uyatoe.

Kuyatoa maana yake ni kulipatia karai mlango. Chimba mfereji kwenye upande wa chini wa uwanja, wenye kina kinachopita sakafu ya kokoto, na mteremko usiopungua sentimita moja kwa kila mita. Tandika kitambaa, laza bomba lenye matundu, funika kwa kokoto safi zisizo na vumbi, kunja kitambaa juu yake. Bomba lielekee mahali pa chini zaidi ambapo maji hayatamsumbua mtu. Mfereji usio na mwisho wa kutokea ni karai la pili.

Kama kokoto zimeshakuwa tope, mfereji peke yake hautoshi. Sehemu hiyo itolewe, itandikwe kitambaa, ijazwe upya. Na tafadhali usitoboe matundu kwenye sakafu ya mfinyanzi ukidhani maji yatashuka. Tundu kwenye udongo ule hujaa na kusimama kama glasi.

Simama hapa, ita mtaalamu: maji yanapotuama dhidi ya ukuta wa nyumba, au unapohitaji kuchimba mahali ambapo hujui nyaya za umeme, bomba la gesi au la maji vinapita. Usiendelee kwa kubahatisha.

## Uwanja una mabonde, matuta au mawimbi

Tofautisha kwanza mambo mawili. Bonyeza tuta kwa mguu. Likizama na kuhamia pembeni kama kunjo la shuka, zulia ndilo limetanuka. Likibaki gumu, ardhi ndiyo imepanda. Kisha vuta uzi ukaze toka ukingo hadi ukingo, pima nafasi kati ya uzi na nyasi kila baada ya hatua moja, uandike. Rudia vipimo hivyo msimu mwingine. Bila namba hizo utabishana na kumbukumbu yako.

Kunjo la zulia kwa kawaida hutokana na zulia lililokatwa na kufungwa baridi, likapata jua kali likatanuka, au mchanga wa kujazia, ule unaomwagwa kati ya nyuzi, ukiwa mchache kiasi kwamba hakuna uzito wa kulituliza. Ongeza mchanga kwanza. Kama kunjo halijaondoka, ng'oa misumari upande mmoja, acha zulia lilegee juani kwa saa chache, livute, kata ziada kutoka mgongoni, lifunge tena wakati joto ni la wastani.

Ardhi iliyopanda au kushuka inataka subira, na hapa ndipo watu wengi hujiumiza. Ukikuta tuta gumu katikati ya msimu wa mvua, usilichonge. Udongo ule umevimba. Ukiuchonga leo, kiangazi utasinyaa na mahali pa tuta patakuwa bonde. Vivyo hivyo usijaze bonde kiangazi kikiwa kikali. Kazi ya kusawazisha juu ya mfinyanzi ifanyike katikati, udongo ukiwa na unyevu wa wastani, si tope wala si jiwe.

Vyanzo vyenyewe, kuanzia kilicho cha kawaida:

Unyevu usiolingana. Pembeni mwa uwanja udongo hukauka upesi, katikati chini ya zulia unabaki na maji. Matokeo yake kingo hushuka na katikati hubaki juu. Dawa yake ni kupunguza tofauti hiyo: ondoa maji ya paa, na kiangazi kikirefuka nywesha ukanda wa pembeni polepole mara kwa mara ili usifike kupasuka.

Kokoto zilizoshindiliwa vibaya. Mabonde huwa madogo madogo, mengi mahali watu wanapopita. Funua zulia, kwaruza uso wa kokoto kina cha sentimita 2 hivi ili safu mpya ishike, mwaga kokoto ndogo zilizosagwa pamoja na vumbi lake la mawe, nyunyiza maji kidogo, shindilia. Usizidishe sentimita 5 kwa safu moja kama unashindilia kwa mkono. Usijaze kwa udongo, wala kwa mchanga wa mtoni: punje zake za mviringo hazishikani, hukimbia zikikanyagwa.

Mti mkubwa jirani. Mizizi hunywa maji ya udongo, na bonde hujitokeza upande ule ule wa mti kila kiangazi. Usikate mizizi mikubwa mwenyewe. Mti ukipoteza nanga yake unaweza kuanguka.

Bomba linalovuja. Tuta moja, laini, lenye unyevu hata kiangazi. Funga bomba zote za nyumba, angalia mita ya maji: ikizunguka, umepata jibu, na kazi ni ya fundi bomba.

Nyufa utakazoziona chini ya zulia wakati wa kiangazi usizijaze mchanga au kokoto. Mvua zikija, udongo utatafuta nafasi yake ya kuvimbia, utaikuta imejaa, na utasukuma kila kitu juu. Nyufa za ukanda ulionyweshwa hujifunga zenyewe.

Panapopanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka, suluhisho la kina ni kuondoa kila kitu na kuutuliza udongo, mara nyingi kwa kuuchanganya na chokaa iliyozimwa kabla ya kurudisha kokoto. Hufanya kazi kweli, lakini kipimo hutegemea udongo wenyewe, na chokaa huunguza macho na ngozi. Mwachie mwenye ujuzi. Na ukiona nyufa mpya ukutani, au milango iliyoanza kukwama, acha habari ya nyasi kabisa. Mwite mhandisi wa majengo aangalie msingi.

## Mishono inaachia, kingo zinanyanyuka

Ng'oa msumari mmoja kwenye ukingo ulioinuka. Ukitoka kwa vidole, safi, bila punje iliyonata, haukuwa umeshika kitu: mfinyanzi ulisinyaa ukauachia. Kupigilia mrefu zaidi ndani ya mfinyanzi huo huo kutakupa msimu mmoja wa amani, si zaidi. Msumari unatakiwa ushike kwenye kokoto zilizoshindiliwa. Kwa hiyo panua safu ya kokoto ipite ukingo wa zulia, au weka mkanda wa zege au wa plastiki ngumu pembeni na ufunge zulia hapo. Mbao huoza, na kwenye joto mchwa huzimaliza upesi. Misumari iwe ya kuzuia kutu, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, kila baada ya sentimita 15 hadi 20. Usiipigilie mpaka ikavuta zulia chini kikafanyika kishimo.

Mshono ulioachia katikati ya uwanja una vyanzo vitatu vya kawaida. Gundi ilipakwa kwenye mgongo wenye vumbi. Zulia liliunganishwa likiwa la moto sana, likapoa na kuvutana. Au ardhi chini imegawanyika, upande mmoja chini mwingine juu. Hili la tatu lirekebishe kwa njia ya sehemu iliyotangulia kabla hujafungua kopo la gundi.

Kuunganisha upya: chagua saa za asubuhi umande ukishakauka, au jioni kabla haujarudi. Kunja pande zote mbili kuelekea nyuma, kwangua gundi ya zamani, futa vumbi, ng'oa punje zote za mchanga zilizonasa. Laza utepe mpya wa kuunganishia chini, upake gundi ya polyurethane inayostahimili maji, shusha upande mmoja, kisha wa pili. Tumia vidole viwili kutenganisha nyuzi unaposhusha, maana uzi mmoja ulionaswa kwenye gundi utaonekana kama mstari mweupe siku zote. Nafasi kati ya pande mbili ilingane na nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari wa nyuzi. Ikizidi unaona ufa, ikipungua unapata kigongo. Weka mifuko ya mchanga juu yake, kesho yake ndipo uiondoe.

Kiraka hufuata utaratibu huo huo. Angalia tu nyuzi za kiraka zilale upande mmoja na za uwanja, la sivyo kitaonekana kwa rangi tofauti hata kama ni zulia lile lile.

## Mchana hapakanyagiki kwa joto

Hii si hitilafu ya ufungaji. Ni tabia ya plastiki juani: uso wa nyasi bandia huweza kuvuka nyuzi joto 60, hali nyasi hai jirani zinajipoza kwa kutoa unyevu. Weka mgongo wa mkono kwa sekunde tano. Usipovumilia, mtoto asicheze hapo na mbwa asilale.

Kivuli ndicho hufanya kazi kuliko kingine chochote: turubai la wavu, mti uliopandwa mbali vya kutosha, kichanja cha mimea inayotambaa. Maji hupoza, lakini kwenye jua kali nafuu hiyo haidumu, na juu ya mfinyanzi kila lita unayomwaga ni lita itakayotafuta pa kutokea. Nyunyiza ukungu mwepesi kabla ya kutumia, usifurishe. Kama uwanja umejazwa chembe nyeusi za mpira, kuzibadilisha kwa mchanga wa silika wa rangi nyepesi kutasaidia kiasi, usitegemee muujiza.

## Mahali pamoja nyuzi zimeyeyuka

Nyuzi zilizojikunja, ngumu, mara nyingi kwa umbo la mstari au pembe, wakati kwingine pako salama. Wengi hudhani zulia ni bovu. Angalia juu: je, kuna dirisha linalotazamana na hapo? Vioo vya kisasa vya kuzuia joto huakisi jua na vikijipinda kidogo hulikusanya kama lenzi. Kaa hapo siku ya jua, fuatilia mng'ao unapotembea juu ya nyasi saa baada ya saa. Weka wavu wa nje kwenye dirisha au panda kitu cha kukatiza mwanga, halafu ndipo utie kiraka. Nyuzi zilizoyeyuka hazirudi kwa kuchanwa.

## Nyuzi zimelala

Brashi ngumu ya nailoni, kinyume cha mlalo, asubuhi. Ya waya usitumie, hukata nyuzi. Kama zinalala tena kesho yake, mchanga wa kujazia umepungua. Zulia nyingi za nyumbani huhitaji kilo 5 hadi 10 kwa mita ya mraba, fuata maelekezo ya zulia lako. Mwaga kidogo kidogo zulia likiwa kavu, piga brashi kati ya safu na safu. Mchanga uliolowa haushuki, unabaki juu kama ganda.

## Harufu

Mkojo wa wanyama ndio chanzo cha kawaida. Bakteria huivunja urea iliyomo kuwa amonia, na joto huharakisha. Osha kwa maji, paka kisafishaji chenye vimeng'enya, kiache kifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, osha tena. Fanya jioni, maana kwenye jua kali hukauka kabla hakijafanya lolote. Harufu ikirudi baada ya siku chache, mkojo umeshuka kwenye kokoto na hautoki kwa sababu ya lile karai la mwanzo. Tatua mkondo wa maji kwanza. Baada ya hapo, kujazia kwa zeolaiti, aina ya madini ambayo hunasa amonia, kunasaidia sana.

Onyo: usimwage dawa ya klorini ya kung'arishia nguo juu ya mkojo, wala kuichanganya na siki. Zote mbili hutoa hewa ya sumu.

Harufu ikiwa ya choo na si ya mkojo, hasa mahali palipolowa bila mvua, ni bomba la maji machafu. Waondoe watoto, usifunue, ita fundi.

## Magugu na utando wa kijani

Mengi huota juu, kwenye vumbi lililojaa kati ya nyuzi, na hung'oka kwa mkono pamoja na mizizi. Yanayotoka chini ni machache, ila ndago hutoboa hata kitambaa: funua, fuata vitunguu vyake, vitoe vyote. Usichome moto. Utando wa kijani kibichi kwenye kivuli ni dalili ya maji yasiyoondoka, rudi kwenye sehemu ya kwanza.

## Rangi imefifia, nyuzi zinakatika

Shika kishungi kwa vidole viwili, kipinde na kukisugua mara chache. Kikibaki mkononi kama unga au vipande vifupi, jua limekwisha kula plastiki. Hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha, na kiraka kipya kitashonwa kwenye zulia lisiloweza kukishika. Badilisha. Lakini siku zulia la zamani litakapoondolewa na kokoto kuwa wazi, mwaga maji uwanja mzima, acha usiku upite, na asubuhi tembea ukiweka kijiti kila palipobaki na unyevu. Vijiti hivyo ndivyo vikuonyeshe mfereji upite wapi, kabla zulia jipya halijafunguliwa.